Bomba la Shaba la Mama Mwanahawa

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka michache baada ya Uhuru, nilivunja kipimajoto kabla ya saa nne asubuhi. Nilikuwa msaidizi wa maabara katika shule moja ya sekondari Kibaha. Mkuu wa Maabara, mzee mfupi asiyecheka, hakunigombeza. Alinipa daftari. "Andika kilichovunjika, nani kavunja, na kilitoka wapi. Hapa kila kifaa kina kwao." Sheria hiyo niliishika kama dini.

Yeye ndiye aliyenifundisha kukeneka, yaani kuchemsha maji ya chumvi au machafu, kuunasa mvuke na kuupoza uwe maji safi. Kidato cha kwanza waliipenda sana kazi hiyo. Unatia maji kwenye chupa ya duara, unatupia vipande vya kigae ili yasirukeruke yakichemka, kisha mvuke unapita kwenye kipozeo, bomba la kioo lililovikwa bomba jingine lenye maji baridi. "Maji baridi yaingie chini, yatokee juu," alikuwa akirudia. "Ukikosea hapo, unapika chai tu."

Baadaye nilisomea ualimu, nikapangwa shule ya msingi upande wa Kurui, Kisarawe. Zilikuwa siku za Ujamaa na kujitegemea. Kifaa kama huna, buni. Nami sikuwa na kioo wala maji ya bomba. Nikachukua birika, nikachomeka bua la jani la mpapai mdomoni mwake, nikalifunika kwa kitambaa kilicholowa. Darasa la sita wakasogea. Mvuke ulipopita, bua likalegea, likainama, matone ya moto yakaniangukia mguuni. Walicheka, na nilistahili.

Msichana mmoja, Mwanahawa, hakucheka. Alinyoosha mkono. "Mwalimu, hapo panataka bomba la shaba, lipite ndani ya beseni la maji. Na maji yakipata moto uyabadilishe, la sivyo mvuke unakukimbia."

Keshokutwa yake alilileta, limeviringwa kwenye kipande cha kanga, linang'aa, linanukia ndimu. Nilisema asante, sikuuliza kitu. Jamani, sikuwa mtoto. Kijijini pale kila mtu alijua mabibo yakiiva bomba la shaba lina kazi gani, na gongo, pombe kali inayokenekwa kwa bomba kama hilo, ilikuwa marufuku. Mama yake alikuwa mjane mwenye watoto wanne na kishamba cha muhogo. Nilijua, nikajifanya sijui, kwa sababu jaribio lilikuwa zuri mno. Maji ya chumvi yaliingia, yakatoka matamu, watoto wakayaonja kwa zamu, nami nikajiona profesa.

Ningeishia hapo. Lakini sifa ni tamu, nikamwalika Mratibu wa Elimu aje ajionee. Akaja, na Katibu wa kijiji nyuma yake. Matone yalipoanza kudondoka, Mratibu akanishika bega. "Ndugu mwalimu, huku ndiko kujitegemea. Bomba hili umelipata wapi?"

Ningeweza kusema Kibaha. Neno moja tu. Mwanahawa, aliyekaa dawati la mbele, alinitazama, kisha akatazama vidole vyake vya miguu. Nami, mtu wa daftari, tena nikitaka nionekane najua kuwashirikisha wazazi, nikasema, "Limetoka kwa mama yake Mwanahawa, huyu hapa. Binti ndiye aliyenisahihisha."

Katibu alisubiri bomba lipoe. Akalinyanyua, akalinusa mdomoni, akaliweka chini taratibu.

Wiki ile ile mgambo walikwenda nyumbani kwao, wakakuta pipa na mitungi nyuma ya nyumba. Mama alifungwa miezi sita. Mwanahawa alibaki kulea wadogo zake, na darasa la saba hakulikalia. Kwa hesabu hakuwa na mpinzani, yule mtoto. Nilikwenda mara moja nimebeba unga, nikauacha kwa jirani, nikarudi. Sikuwa na uso wa kumtazama.

Mimi nilipandishwa cheo, nikarudishwa Kibaha kuwafundisha walimu wenzangu namna ya kubuni vifaa. Sikukataa. Nilikeneka maji mbele yao miaka mingi, na kila waliponiuliza wazo la beseni lilitoka wapi, nilijibu kwamba nililiona mahali. Hapo sasa ndipo nilipojua kuficha. Mkuu wangu wa Maabara simlaumu. Alinifundisha habari za vyombo. Habari za watu nilipaswa kuzijua mwenyewe. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu nimezeeka naye hapa mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha.

Mwaka niliostaafu nilikuwa nasubiri basi kituo cha Kwa Mathias, mwanamke mwenye kikapu cha machungwa akasimama mbele yangu. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Nilimtambua kwa macho. "Mwanahawa. Mwanangu, lile bomba..."

"Mama hakukulaumu, mpaka anafariki," alisema. Alikuwa akinichagulia machungwa mazuri. "Nilipomwambia unalitaka kwa kazi ya shule, alikaa chini akalisugua kwa majivu na ndimu mchana kutwa. Nikamwambia, mama, inatosha. Akasema bado linanuka, lisije likamwaibisha mwalimu wa watu."