Mgomba Juu ya Kaburi la Owori

Mvua za mwezi wa nne zilipoanza, mgomba ulichipua juu ya kaburi la baba. Mama ndiye aliyeuona kwanza. Alikuwa anatoka kisimani na jerikeni kichwani, akasimama, akaitua, akaangalia. Mimi nilikuwa nyuma yake. Lilikuwa chipukizi dogo la kijani, limejiviringa kama karatasi.  Mama alijitwika maji yake akaenda kupika.

Mtu wa mbali hataelewa mpaka nieleze. Baba yangu, Owori, alikuwa dereva wa lori. Alikuwa anapakia mizigo Busia anaipeleka Juba. Safari moja hakurudi. Lori lilikutwa limeungua kando ya njia, lakini yeye hakuonekana, hata kiatu chake hakikuonekana. Watu wa kwao Nagongera walingoja mpaka wakachoka. Huku kwetu mtu akipotea namna hiyo hawaachi nafasi yake wazi. Wanakata shina la mgomba, wanalifunga kwa blanketi lake, wanalilia, wanalizika kama mtu, ili roho yake ijue nyumbani ni wapi, isizunguke kusumbua watoto. Shina likioza ardhini, basi, mtu amepumzika.

Kosa lilitokea hapo. Wanaojua wanakata shina peke yake. Siku ile mvua ilikuwa inakuja, na vijana waliotumwa, Paddy na wenzake, hawakuwahi kufanya kazi hiyo. Waling'oa mgomba pamoja na kitako chake na mizizi yake, wakaona ndiyo heshima, mtu azikwe mzima. Babu Obbo, baba yake baba, aliona kitako kimetokeza kwenye blanketi. Alinyamaza, kwa sababu watu walikuwa wameshaanza kuimba na mawingu yalikuwa meusi. Sasa kitako cha mgomba ukikifukia hakiozi. Kinalala tu, kinangoja mvua.

Watu wakaanza kuja kuangalia, kila mmoja na lake. Wako waliosema Owori amekataa kaburi, yuko hai mahali fulani. Wako waliosema amekufa vibaya na kuna kitu anadai. Paddy alitania kwamba angalau marehemu atatulisha matoke. Hakuna aliyecheka, akawasha boda yake akaondoka. Babu alikuwa anatoka asubuhi na panga kwenda kuukata. Anafika, anakaa kwenye jiwe pale karibu, anaangalia, halafu anarudi na panga lake na mgomba uko vilevile. Nao ulikuwa unakua haraka kuliko migomba ya shambani.

Mama yangu anaitwa Nerima, ni Msamia wa Busia. Ni mrefu, anatembea haraka, na akicheka anacheka kwa pua. Siku za soko pale Nagongera alikuwa anauza mukene, wale samaki wadogo wakavu, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuongeza kidogo juu ya kipimo, kwa hiyo wateja walimpenda. Baba alipokuwa anarudi safari, akifika kona ya kanisa alikuwa anapiga honi, mbili fupi na moja ndefu. Mama akisikia hiyo anabandika maji ya kuoga. Hakuwa anakimbia nje kama wake wengine. Anabandika maji tu, na baba akishaegesha lori na kusalimia wazazi wake, maji yamepata moto. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao, mimi sikuona mengine.

Baada ya mgomba kuchipua mama alianza kusema habari ya kuhama. Alisema kijijini maisha yamemshinda. Kisima kiko mbali, na mdogo wangu Edgar ana kifua, kinabana mpaka kinapiga mluzi, na daktari yuko mjini. Watu walidhani anakimbia kaburi. Hawakumlaumu.

Miji ilikuwa miwili. Kaka yake, mjomba Ojiambo, alikuwa na chumba Busia, karibu na mpaka. Dada yake baba, shangazi Dorah, alikuwa na chumba cha uani Tororo. Wanawake wa kisimani wakawa wanampimia. Busia kuna biashara, unaamka asubuhi pesa inapita mlangoni, na ni kwenu, utaongea lugha yako. Tororo kuna bomba, shule iko karibu, hospitali iko karibu, barabara pana za tangu zamani zina miti, na watu wanalala. Busia ni moshi na kelele. Tororo ni kimya mno, mukene utamuuzia nani. Mama alikuwa anaitikia yote. Mimi nilikuwa namwangalia uso, nikaona hawaongei kile anachokipima yeye. Kama baba yuko hai, atapitia Busia, maana Busia ndipo madereva wote wanapopita na kuulizana habari. Tororo ni mji wa ndugu zake, na ndugu zake wameshamzika.

Tukaenda kwanza Busia. Chumba cha mjomba kilikuwa nyuma ya mahali malori yanapongoja kuvuka. Malori yalikuwa yamepangana mpaka huoni mwisho, madereva wamelala chini yake kwenye mikeka, wanawake wanapita katikati na chai na chapati. Mama alibadilika hapo hapo. Wachuuzi wa upande wa Kenya walimtania urefu wake, wakamwambia akisimama pale watu wa forodha watamtoza ushuru wa mlingoti. Akacheka kwa pua. Mjomba akaona ameshapata mpangaji. Lakini mimi nilikuwa nyuma, nikaona kwamba kila lori tulilolipita mama anainua macho mpaka kwenye kiti cha dereva. Hakuruka hata moja.

Siku ya pili tulikuwa tunachambua mukene mlangoni. Ikasikika honi. Mbili fupi, moja ndefu.

Mama hakubandika maji siku hiyo. Alikimbia. Ungo ulianguka, samaki wakamwagika, naye akapita kati ya malori bila viatu. Nilimkimbilia na Edgar mgongoni. Tulimkuta ameshika mlango wa lori la bluu, anaangalia juu, na dirishani kijana mdogo tu anamwangalia, hata ndevu hana. Jina lake Brian. Alishuka pole pole alipoona mama hana viatu. Mama akamwuliza honi ile ameipata wapi.

"Mama, hiyo ni ya Owori," kijana akasema. "Nilikuwa tanboi wake, msaidizi wake kwenye lori. Sisi wote aliotufundisha kuendesha tunapiga hivyo."

Hakujua anaongea na nani. Mama alipomwambia, alivua kofia. Akatueleza kwamba yeye alipita pale lori lilipoungulia, siku chache baadaye, akalizunguka, akaita jina. Hakuona kitu cha kuzika. Akasema wako wengi wanaopiga honi ile, wengine Malaba, wengine njia ya Gulu, na wengine hawakumjua Owori kabisa, wameisikia tu wakaipenda. Edgar alikuwa anaangalia usukani bila kupepesa. Brian akambeba akamweka kwenye kiti, akamwacha apige. Mbili fupi, moja ndefu. Mama aligeuza uso.

Tulikaa Busia siku zilizobaki za juma lile, na honi ile tuliisikia mara nyingi. Mama hakukimbia tena. Lakini kila ikilia mkono wake unasimama hewani na samaki. Usoni alikuwa kama mtu anayeitwa na watu wengi kwa pamoja. Na moshi ulikuwa unaingia chini ya mlango, kifua cha Edgar kikapiga mluzi mpaka mama akawa analala ameketi, mtoto begani. Mjomba aliona. Alisema watoto wa Busia wote wanakohoa kidogo, wakikua inaisha. Halafu akajisikia mwenyewe alivyosema.

Tororo tulifika mchana. Shangazi Dorah alikuwa amefagia uani, bomba liko pale pale, ukikaa mlangoni unauona ule Mwamba wa Tororo, jabali kubwa kama mlima, umesimama juu ya mabati. Majirani wakaja kumsalimia mgeni. Shangazi akawaambia, "Huyu ni Nerima, mke wa marehemu kaka yangu."

Mama alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini, hakukichukua tena. Yeye mwenyewe hakuwahi kulitumia lile neno, hata siku ya kuzika shina. Pale Tororo lilikuwa kwenye midomo ya watu wote, na walilisema kwa upole kabisa. Marehemu alipenda kuja hapa. Kiti hiki alikuwa anakaa marehemu. Walikuwa watu wazuri, hawakuwa na ubaya wowote.

Edgar alilala kitandani mchana ule. Baada ya muda mama aliniita nije. Alikuwa ameinama, sikio lake liko kwenye kifua cha mtoto. Uso wake ulikuwa na hofu.

"Sikiliza, Apendi," akanong'ona. "Mimi sisikii kitu."

Nikasikiliza. Mtoto alikuwa anapumua vizuri tu, bila mluzi. Tulikuwa tumezoea kumsikia mpaka kimya chake kikatutisha. Mama alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye kitanda, akakaa pale mpaka mtoto alipoamka. Nje hakukuwa na lori wala sauti ya mtu. Akasema kwamba hapa hata mtu akija hutamsikia. Sikujua kama anasifu au analalamika.

Tuliporudi Nagongera mgomba ulikuwa umenipita kimo. Majani yake yalikuwa yanafunika kaburi, na kuku walikuwa wanalala kivulini mwake. Babu alikuwa kwenye jiwe lake. Mara hii hakuwa na panga, alikuwa na jembe. Alimwambia mama kwamba ameamua kufukua kitako chote akichome, halafu azike shina jingine jinsi inavyotakiwa, na wazee wameshaambiwa. Mtoto wake amekaa njiani muda mrefu mno.

Mama alipiga magoti kumsalimia, na hakuinuka.

"Baba, mimi nakwenda Tororo," akasema. "Kwa sababu ya kifua cha mtoto."

Babu akaitikia kwamba ni vizuri.

"Lakini huyu nakwenda naye."

Babu aliangalia mgomba, akamwangalia mama. "Nerima, mwanangu, kilichozikwa hakitolewi."

"Hamkuzika, baba. Mlipanda."

Nilidhani babu atakasirika, maana hakuna mke wa mwana anayeongea hivyo. Yeye akachora udongo kwa ncha ya jembe. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama hataki kaburi lisikie, "Mimi nilikiona kile kitako."

"Hata mimi nilikiona," mama akasema. "Nilikuwa nimesimama karibu kuliko wewe. Nikanyamaza. Sikutaka aoze."

Walibaki hivyo, mzee kwenye jiwe na mama magotini, na mimi nikajua kwamba wale wawili walikuwa wamembeba Owori pamoja muda wote, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Babu ndiye aliyechimba. Hakutaka Paddy aguse. Alichimba kwa mkono sehemu za karibu ili asijeruhi kitako, akakitoa, na chini yake blanketi lilikuwa limebaki nyuzi tu. Akakifunga kwenye gunia, shina na majani yakabaki nje. Alifukia shimo huku akiongea Kidhopadhola, lugha ya kwao, pole pole, kama mtu anayemwamsha mtoto ambaye amelala mahali pabaya. Shina jingine hawakuzika. Wazee waliuliza, akawajibu kwamba mtoto wake amehamia mjini na familia yake.

Sasa tunakaa Tororo. Shangazi Dorah alikataza gunia lile lisiingie ndani, wala mgomba usipandwe karibu na dirisha lake, kwa hiyo mama aliupanda nyuma, kando ya bafu la uani, pale maji ya kuoga yanapotokea. Umekua. Shangazi akienda kuoga anaupita kwa ubavu, na anasema matoke yake yeye hatakula. Mukene inauzika kidogo kidogo. Mama hacheki kwa pua kama alivyocheka Busia. Majirani wakisema "marehemu", mama hawakatazi, anaangalia pembeni tu mpaka neno lipite. Edgar ameanza shule, anakimbia, na kifua kimetulia.

Juzi, mchana, Edgar alikuwa anasukuma lori lake la jerikeni iliyokatwa, anazunguka mgomba. Mama alikuwa mlangoni na ungo wake. Edgar akafika kwenye kona ya bafu, akapiga honi kwa mdomo. Mbili fupi, moja ndefu.

Mkono wa mama ukasimama. Nilingoja amkataze. Akaweka ungo chini, akaingia jikoni, akabandika maji. Yalipopata moto aliyapeleka bafuni kwenye beseni, akaweka sabuni, akatundika taulo ukutani, akarudi akakaa. Edgar akauliza nani anaoga. Mama akamvuta mapajani akamwambia atulie, maji bado ya moto. Mvuke ulikuwa unapanda juu ya ukuta, na majani ya mgomba yalikuwa yanatikisika kidogo.

Tulikaa vile mpaka kivuli cha nyumba kikafika mlangoni. Kisha mama akanituma nikachukue beseni. Nilikuta ni tupu. Taulo lilikuwa mahali pake, kavu, na udongo chini ya mgomba ulikuwa umelowa, bado una moto. Nikageuka kumwangalia mama. Hakuwa ameondoka pale mlangoni. Edgar alikuwa amelala mapajani mwake, na kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka kimya.