Kufikia Gesti

Nilikuwa na muda. Kwa miaka mitatu nilimwambia mama mdogo kwamba kazi zimenibana, kwamba Dar sijakanyaga tangu sijui lini, kwamba siku nikija atashtukia tu nipo mlangoni. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakuja Dar mara nne au tano kila mwaka, nakaa wiki nzima, na kila siku kuanzia saa nane mchana sikuwa na kazi yoyote duniani.

Mimi ni mhariri wa vitabu vya shule. Naishi Songea. Safari zangu za kikazi ni za kuja kukaa mezani na watu wengine watano katika ofisi moja pale Posta, tukibishana kama mtoto wa darasa la nne anaweza kulielewa neno "mvuke" bila kuchorewa sufuria. Tunaanza asubuhi, tunaletewa wali wa kwenye vyombo vya karatasi, tunafunga mafaili. Wenzangu, ambao wote ni wakazi wa mjini, wanakimbia kuwahi makwao. Mimi nabaki na kalamu zangu na mchana mzima.

Mtu wa kwetu akija Dar ana pa kufikia. Hilo halijadiliwi. Unaweza kulala sebuleni juu ya mkeka, unaweza kupanga foleni ya bafu nyuma ya watoto saba, lakini unafikia kwa ndugu. Na ndugu ninaye. Mama mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu, anaishi Gerezani, dakika kumi kwa miguu kutoka gesti niliyokuwa nalala. Nilipokuwa chuo kikuu, nyumba yake ndiyo ilikuwa nyumbani. Nina chumba changu kule nyuma, chenye dirisha linalogoma kufungika. Siku niliyoolewa yeye ndiye alisimama mahali pa mama, akacheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka, akaendelea na kimoja. Kulala gesti na yeye yupo ni tusi. Najua ukoo uliogawanyika kwa kosa dogo kuliko hilo.

Sababu ya kujificha ilikuwa fupi: mume wangu alikuwa ameondoka. Hakufa, hakusafiri. Aliondoka kwa utaratibu, mashati yake ameyakunja vizuri kuliko alivyowahi kuyakunja katika miaka yote ya ndoa, na mimi sikumwambia mama mdogo. Kila Jumapili akitoka kanisani alikuwa ananipigia simu, na swali lake la pili lilikuwa lile lile.

"Na mkwe wangu?"

"Hajambo mama, anakusalimu."

"Mwambie nimezipata."

Kwenye simu uongo ule ulitaka maneno matatu tu. Sebuleni kwake, chini ya picha ya harusi iliyotundikwa juu ya televisheni, ungetaka na uso, na uso wangu haujui kusema uongo. Halafu kulikuwa na hofu ambayo sikuipa jina wakati ule. Mama yangu hayupo. Nyumba ile ya Gerezani ndiyo ilikuwa ya mwisho ambamo kuna mtu bado ananiita mtoto. Niliogopa kuingia mle nikiwa mtoto na kutoka nikiwa mwanamke wa kuonewa huruma, anayekaribishwa kiti na kuulizwa kama atakunywa soda.

Basi nikafikia gesti, nyuma ya Mtaa wa Kongo. Kariakoo haipakani na nchi yoyote, lakini pale mapokezi ungedhani uko mpakani Tunduma. Wakongo wamekalia marobota ya vitenge, Wazambia wananyanyua mabegi kupima uzito kwa mkono, wanawake wa Kikomoro wanabishana kwa lugha ambayo nusu yake naielewa na nusu nyingine naikisia. Wote wamekuja kununua na wote wana kwao kunakowasubiri. Dada wa mapokezi, mtu wa rika langu mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa kwa uzi, alinisogezea daftari la wageni. Jina. Umri. Kabila. Unakotoka. Unakokwenda.

"Mwalimu, unakokwenda hujajaza," aliniambia ile mara ya kwanza. Sijui nani alimwambia mimi mwalimu. Nadhani ni viatu.

"Siendi popote. Nimeshafika."

"Haiachwi wazi hiyo. Huyu kaandika Ndola, huyu Lubumbashi. Wewe je?"

Niliandika Songea. Alilivuta daftari, akasoma, akaniangalia juu ya miwani.

"Umetoka Songea, unaenda Songea. Sasa hapa umefuata nini?"

"Kazi."

"Haya. Maji ya moto asubuhi tu."

Nina shahada mbili. Zote mbili nilizitumia kuchora kichwani ramani ya kumkwepa mwanamke wa miaka sabini mwenye magoti mabovu, ambaye hatoki barazani kwake isipokuwa Jumapili. Upande wa Gerezani sikuusogelea. Mtaa wa Msimbazi niliuvuka kwa haraka, nimevaa miwani ya jua, hata siku za mvua. Nilikwenda sokoni nikauliza bei za vitu nisivyovihitaji, vitasa, mabomba, shanga za kushonea magauni ya bibi harusi, kwa sababu ukiuliza bei mtu anakujibu, na ukijibiwa umeongea na mtu.

"Karibu dada, shika uone mwenyewe."

"Ahsante, nazunguka kwanza."

Mazungumzo yangu ya mchana yote yalikuwa na urefu huo. Mgahawani nilikaa meza moja na watu nisiowajua, na kila mmoja kabla ya kutia mkono kwenye sahani alinikaribisha chakula chake, kama ilivyo ada, nami nikashukuru kama ilivyo ada, kisha kila mtu akala kimya akiangalia simu.

Siku nyingine nilitembea mpaka Magogoni nikapanda kivuko. Nilivuka Kigamboni, nikashuka na umati, nikasimama dakika moja kama mtu anayetafuta mwenyeji wake, nikarudi kupanga foleni. Mara ya tatu mama mmoja mwenye kapu la mihogo alinigeukia.

"Samahani dada, si nimekuona upande ule sasa hivi?"

"Nimesahau kitu."

"Umesahau huku au kule?"

Nilimsaidia kunyanyua kapu, nikapanda kivuko.

Dhamiri hata hivyo ninayo, na dhamiri yangu hupenda kujitokeza kwa njia ya samaki. Kila safari nilikuwa nabeba dagaa wa Nyasa, wale mama mdogo anaowasifu kuliko nyama, nimewazungushia magazeti wasininukishie nguo. Kumpelekea mwenyewe siwezi, kutompelekea siwezi. Nikabuni mpango niliouona wa akili sana: wataonekana wametoka Songea kwa basi. Mara ya kwanza, lile gazeti lilikuwa limelowa na kuchanika, nikanunua mfuko mpya hapo hapo mtaani, nikamfuata mwendesha bodaboda mmoja kwenye kona, mwanaume wa makamo mwenye mvi kidevuni.

"Gerezani, nyumba yenye geti la bluu. Kuna mama mzee barazani, mkabidhi. Mwambie umetoka kwenye basi la Songea."

"Basi? Mabasi si yanaishia stendi kule Mbezi?"

"Akikuuliza tu."

"Na akiniuliza nani kanituma?"

"Kondakta."

Alinitazama kuanzia viatu mpaka kwenye miwani ya jua. "Poa. Kondakta wa Songea kapendeza."

Jioni ile mama mdogo alinipigia. Mzigo umefika, Mungu anibariki, mabasi ya siku hizi yana adabu sana. Nilijipongeza. Nilirudia mpango ule safari baada ya safari, kwa mfuko mpya kila mara na bodaboda yule yule, ambaye sasa akiniona alikuwa anawaambia wenzake, "Nipisheni, kondakta huyo."

Mwaka huu kikao chetu kiliisha Ijumaa, na tiketi yangu ya kurudi ilikuwa ya Jumapili. Jumamosi nzima haikuwa na mwenyewe. Asubuhi nilituma dagaa. Kisha nikaenda kukaa pembeni ya viwanja vya Mnazi Mmoja, kwenye ukuta mfupi wenye kivuli, nikaangalia watu wakikatiza kutoka Kariakoo kwenda mjini na kutoka mjini kwenda Kariakoo. Hakuna aliyekuwa anatembea tu. Kila mtu alikuwa na kitu kichwani, mkononi au mgongoni, na alikuwa anakipeleka kwa mtu.

Ukapita msafara wa harusi. Mbele gari la wazi lenye wapiga matarumbeta, nyuma magari yenye maua, na kwenye moja dirishani katoka mama mnene mwenye sare ya kitenge, nusu ya mwili iko nje, anapunga leso na kucheza akiwa amekaa. Hakufanana na mama mdogo hata kidogo. Lakini alinipungia mimi, mtu wa pembeni asiyemjua, kwa furaha kabisa, kana kwamba na mimi ni wa kwao, na mkono wangu ukainuka wenyewe kumjibu. Nikabaki nimeuinua baada ya magari kupita. Nilivua ile miwani kwa sababu sasa ilikuwa inaniletea ukungu.

Simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Nyumbani."

"Hee. Matarumbeta ya Songea yamekuwa makali siku hizi."

Nikaziba simu kwa kiganja. Yalikuwa bado yanasikika yakiishia upande wa Mtaa wa Uhuru.

"Mzigo umefika," akaendelea. "Mwanangu, mimi sikusoma kama wewe, kwa hiyo naomba unieleweshe. Ni basi gani hili linaloleta mzigo mpaka mlangoni? Jirani yangu hapa akitumiwa mchele kutoka Mbeya anapigiwa simu, anakwenda Mbezi na kitambulisho, anakuta gunia limeandikwa jina lake kwa maka peni, anahangaika nalo mwenyewe kurudi. Mimi naletewa barazani. Hakuna jina, hakuna namba. Mfuko wa duka la Mtaa wa Kongo, bado unanukia upya. Miaka mitatu, mwanangu."

Unaweza kuhariri vitabu vya kufundisha nchi nzima kusoma, ukasahau kwamba mzigo wa basi huandikwa jina.

"Na mkwe wangu?" akauliza.

"Hajambo mama, anaku..."

"Usimalizie."

Nilimsikia akivuta kiti, na magoti yake yakilalamika kupitia mdomo wake.

"Alikuja kuniaga," akasema. "Mwaka ule ule alioondoka. Alikaa hapa hapa barazani, akasema, mama, ulinipokea kwa mikono miwili, siwezi kutoka kama mwizi. Nikampa chai, akanywa, akaenda zake. Sikumpenda siku ile, lakini adabu anayo. Sasa wewe kila Jumapili unaniletea salamu zake. Nifanyeje? Nikazipokea, nisikuaibishe."

"Kwa nini hukuniambia kama unajua?"

"Nilikuwa nasubiri uniletee mwenyewe hiyo habari. Ukaniletea dagaa."

Nikacheka, kisha kicheko kikageuka, na watu wawili waliokuwa wanakatiza kiwanja wakanitazama na kuongeza mwendo.

"Niliogopa utaniona nimeshindwa, mama."

"Kushindwa ni kulipia kitanda Kariakoo na mimi nina chumba chako. Ile picha ya harusi nilishaiteremsha siku nyingi, pale juu pana kalenda ya kanisa, huna haja ya kuangalia chini ukiingia. Unanisikia?"

"Nakusikia mama."

"Unalia?"

"Hapana."

"Haya, usilie hivyo hivyo. Hao dagaa nimeshawachambua, wako kwenye maji. Beba begi lako huko ulikolificha. Na hilo basi lako, maana njia linaijua na geti linalijua, safari hii lishushe na abiria."