Viwavi Kumi na Mmoja

Asubuhi ya kwanza ya kazi yake, Februari 2011, Colette alichungulia chumba cha watoto cha kreshi, yaani chekechea, akadhani bado anaota. Watoto kumi na mmoja walikuwa wakitambaa kwa matumbo sakafuni, wakijifanya kutafuna majani ya karatasi. Kisha Mwalimu Valérie akawaviringisha mmoja mmoja ndani ya vitenge, wakalala kimya kabisa, pua tu zikionekana. Hewa ya Durban ilikuwa nzito kama mvuke wa sufuria, na nje ya dirisha uwanja wa mbio za farasi wa Greyville ulielea katika ukungu wa kijani. Colette hakuuelewa mchezo ule. Alirudi jikoni akitabasamu.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Opala huko Kongo, ndani ya misitu ya mbali na Kisangani. Miaka mitatu alikuwa amesuka nywele za watu mpaka vidole vikakataa kukunjika. Kazi hii ya kupikia watoto wa wenzake wa saluni ilikuwa ya kwanza kumruhusu kukaa chini, na aliitaka sana.

Mezani palikuwa na beseni lililofunikwa chandarua. Ndani yake, juu ya matawi ya mlimau, walikuwamo viwavi kumi na mmoja, wanene, wa kijani.

Colette alikaa chini polepole. Ghafla ulikuwa mwezi wa nane huko kwao, alfajiri, na viwavi wanadondoka kutoka mitini kama mvua laini, na mama yake yuko mbele na kapu, anacheka bila sauti. Tangu aondoke hakuwa amewaona tena. Mwalimu huyu, Mrundi ambaye kwao hawali kitu kama hicho, ameuliza Wakongo wanapenda nini, akamtafutia mgeni wake! Machozi yalimtoka. Akachukua kitunguu na nyanya.

Viwavi walipoguswa walitoa pembe nyekundu zenye harufu kali ya ganda la limau. "Eish, huku hata kiwavi iko na hasira," akajisemea. Alionja mmoja. Alikuwa mchungu, lakini zawadi haikosolewi.

Saa sita, watoto wakiwa wamelala, alimpelekea Mwalimu bakuli lililofunikwa kwa sahani, akapiga goti kidogo.

"Mwalimu, aksanti kwa kunikaribisha. Nimekuachia wengi. Mimi nimeonja mmoja tu."

Valérie alifunua. Aliirudisha sahani juu ya bakuli.

"Maman Colette," alisema, "hawa walikuwa somo. Kila mtoto na wake. Watoto waliwaona kwa macho yao wakitoka kwenye yai. Niliwaahidi watapata mabawa."

Léonard, kaka yake Valérie aliyekuwa akiwaleta watoto kwa gari, alikohoa kuficha kicheko. "Waambie wameruka. Dirisha lilikuwa wazi, basi, sharp, imekwisha. Wana miaka minne, watajua nini?"

Valérie alilitazama dirisha, na Colette aliona kwamba anaufikiria uongo ule. Ulikuwa uongo mwepesi, ambao watu wazima huwapa watoto kila siku kama peremende na kujiita wapole. Lakini Colette aliwahi kupewa. Mama yake alipofariki, mjomba alimwambia ameenda sokoni, naye akakaa kando ya njia siku ishirini akimngoja. Anayemdanganya mtoto ili mwenyewe apate raha anamwibia, na mtoto hana pa kushtaki.

"Nitawaambia mimi," alisema.

Walipoamka, alipiga magoti mbele yao akasema yote: kwao viwavi ni chakula, hakuuliza, aliwapika. Hakuongeza wala kupunguza.

"Hata Robot?" aliuliza Ciza, aliyempa kiwavi wake jina hilo kwa sababu alikuwa kijani kama taa ya barabarani, ambayo Durban huitwa "robot", ikiruhusu magari.

"Hata Robot. Unisamehe, papa," alimwambia, kama kwao wanavyomwita mtoto wa kiume.

Ciza alilia, kisha akauliza kama Robot alitiwa chumvi. Wengine walilia wakanyamaza. Estella hakulia. Uji ulipokuja, alifunga midomo.

Akaifunga siku iliyofuata, na iliyofuata. Yvette, mama yake, alikuja na kitana bado mkononi. "Dada, mtoto wangu anarudi na njaa. Anasema wewe unapika marafiki. Mwalimu, mwezi ukiisha hivi, mimi natafuta kreshi ingine, na wenzangu wa saluni tutaondoka wote."

Valérie alimtazama Colette kwa huruma, lakini hakumtetea. Bila watoto wa saluni, kreshi isingekuwepo.

Jumamosi Colette alikwenda mtaa wa Cato Manor, kwa muumini mwenzake mwenye mlimau uani. Alipekua jani baada ya jani mpaka mwanga ukawa wa dhahabu, akapata mayai ya kipepeo kumi na mawili, madogo, ya njano, kama ufuta. Jumatatu watoto waliyapanga kwenye beseni wenyewe. Beseni sasa likakaa chumbani mwao, si jikoni.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko, Colette alikata majani mabichi, akatambaa sakafuni pamoja nao, magoti yakilia. Alijifunza kwa mwili wake kula bila kuacha, kunenepa, kuchoka. Viwavi wadogo walipotoka, weusi kama vinyesi vya ndege, hakuwagusa. Alisubiri aambiwe.

Wiki ya mwisho ya mwezi, mchezo ulipofika kwenye usingizi, Estella alikuja na kitenge akamviringisha. Alikaza vizuri mpaka shingoni. Ndani mlikuwa na joto na giza la kijani, na Colette akasikia mbali majani yakidondosha kitu laini. Akalala kweli.

Alipofumbua macho, chumba kilikuwa kimya. Estella alikuwa amekaa kando yake, bakuli la uji mapajani, halijaguswa.

"Tantine, wale walikuwa watamu?"

Angeweza kusema hakumbuki.

"Wa kwetu ni watamu sana. Wenu walikuwa wachungu."

Estella aliwaza. Kisha akautoa mkono wa Colette kutoka kwenye kitenge, akaushikisha kijiko, akafungua mdomo.