Mchapaji wa Baraza la Sinema

Dorkasi alichapa barua arobaini na tatu kwa siku mbili mfululizo, na ya mwisho ilikuwa yake mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 1993. Shirika la umma alilolitumikia pale Dodoma kwa miaka kumi na tisa lilikuwa linapunguza wafanyakazi kabla ya kuuzwa. Bosi wake, Mzee Ambokile, mtu wa Tukuyu, mrefu na mpole, alimletea ile rasimu ya mwisho kwa mkono wake, akaiweka mezani, kisha akaenda kusimama dirishani akimpa mgongo. Dorkasi akaisoma. Mwaka wa kuajiriwa ulikuwa umekosewa. Akausahihisha, akaweka karatasi mbili za kaboni, akachapa, akampelekea asaini.

"Dorkasi," Ambokile alisema. Akasaini, akaifunika kalamu. "Nenda kanywe chai kwanza."

Hakuwa na zaidi ya hilo. Baada ya mwezi mmoja, mali za ofisi zilipopigwa mnada, Ambokile, ambaye naye alikuwa ameshapoteza kazi, aliinunua taipureta aliyokuwa akiitumia Dorkasi na kuisukuma kwa mkokoteni mpaka mtaa wa Kikuyu, nyumbani kwake. Mume wake, Kefa, fundi wa reli, ndiye aliyefungua mlango.

"Mwambie mkeo mashine imemzoea yeye," Ambokile alisema. Alikataa hata kukaa.

Hivyo ndivyo Dorkasi alivyokuja kukaa kwenye baraza la Sinema Nuru. Watu wa mtaa huo waliiita Sinema tu, maana haikuwapo nyingine karibu. Enzi zake ilikuwa inajaa kila Jumamosi, foleni inafika mpaka kwenye duka la baiskeli. Zilipokuja video, watu walibaki majumbani, na mwenye jengo akaligeuza ghala la alizeti. Lakini baraza lilibaki, pana, lenye kivuli na lililokingwa na upepo wa Dodoma ambao hauachi karatasi mezani. Dorkasi aliweka meza yake karibu na dirisha la zamani la kuuzia tiketi, akaandika kibao: BARUA, MAOMBI YA KAZI NA MIKATABA HUCHAPWA HAPA.

Alichapa maombi ya viwanja, wosia, barua za posa, barua za wanafunzi walioomba kuongezewa muda wa kulipa ada. Alikulia kijiji cha Zuzu, na Kiswahili alikikuta shuleni, nyumbani kwao walisema Kigogo. Labda ndiyo maana alisikiliza sana namna watu wanavyosema. Mteja akimwambia, "Andika tu vizuri wewe unavyojua," alimjibu, "Hapana, sema kwanza. Nikishakusikia ndipo nitaandika."

Kufikia mwaka 2002 kompyuta zilikuwa zimeingia kila kona ya mjini, na kuna siku alikaa mpaka adhuhuri bila mteja. Siku moja ya namna hiyo alikuja kijana wa Kondoa aliyeitwa Nurdini. Alikuwa akipiga picha za video kwenye harusi na kipaimara, na kwapani alibeba daftari kubwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Ni barua?"

"Ni skripti. Filamu. Nataka kutengeneza ya kwangu mwenyewe, siyo ya harusi. Wale wa kompyuta wameshindwa mwandiko wangu."

Dorkasi alikuwa amesoma miandiko mibaya kuliko huo. Akaanza kuchapa. Hadithi ilimhusu kijana aliyeuza ng'ombe wa baba yake akatorokea mjini, na baada ya miaka sita anarudi mikono mitupu. Anamkuta mama yake uani anapepeta mtama. Hapo Dorkasi akaacha kuchapa.

"Huyu mama anasema, 'Mwanangu, nimesikitishwa sana na mwenendo wako usioridhisha.'"

"Ndiyo."

"Nimechapa barua za onyo miaka kumi na tisa, mwanangu. Hii ni barua ya onyo. Haina mama ndani yake."

Nurdini alicheka, halafu akaona mwenzake hacheki. Akavuta kigoda. "Sasa angesemaje?"

Dorkasi alifikiri huku akitazama barabarani. Alikuwa na mdogo wake wa kiume aliyewahi kupotea namna hiyo na kurudi, na alikumbuka mama yao alivyosimama.

"Angesema, 'Umekonda. Maji ya moto yapo jikoni, kaoge kabla baba yako hajarudi.' Basi. Hasemi kingine."

Nurdini alichukua kalamu. Akakata mistari yote sita aliyokuwa amempa yule mama.

Kazi ambayo ingekwisha kwa siku tatu ilichukua wiki tano. Kila asubuhi kijana alikuja na kurasa chache, wakazisoma kwa sauti, yeye akiwa baba, Dorkasi akiwa mama, dada na jirani. Muuza magazeti alikuwa akisogea kusikiliza. Pale wahusika wa Nurdini walipokuwa wanahutubia kama wabunge, Dorkasi aliwafanya waongee. Filamu ilipigwa Miyuji, mtaa wa pembeni mwa mji, kwenye ua wa kuazima, kwa kamera ile ile ya harusi, na ikaitwa *Mgeni wa Miyuji*.

Mkanda ulipotoka, jirani aliwaita Dorkasi na Kefa waje kuutazama. Mwanzoni kabisa yalitokea maandishi: Mtunzi, Nurdini. Majina mengine yakapita, hata la mwenye ua. La Dorkasi halikuwamo.

"Na wewe je?" Kefa aliuliza walipokuwa wanarudi nyumbani.

"Mimi nilichapa."

"Ulichapa! Wiki tano nilikuwa nakusikia nyumbani unaongea peke yako kama yule mama."

Dorkasi akaongeza mwendo. Kwa kweli ilimchoma, ingawa hakutaka kujikuta anamchukia kijana kwa hilo. Nurdini alipopita barazani kesho yake, alimsalimu kama siku zote. Kijana ndiye aliyeshindwa kumtazama usoni.

Mwaka 2004, mwezi wa saba, wakati wa Bunge la bajeti mji ukiwa umejaa wageni, kikundi cha walimu, wanafunzi na watumishi wachache wa Bunge waliopenda michezo ya kuigiza waliandaa jioni ya tuzo. Zilikuwa ni za filamu za watu waliojitengenezea wenyewe, bila kampuni wala mfadhili. Walimwomba mwenye jengo awaachie Sinema kwa siku moja. Magunia yalitolewa, ukumbi ukafagiliwa mara tatu, vikakodiwa viti vya plastiki kuziba mapengo ya vile vya mbao vilivyouzwa. Nurdini alimletea Dorkasi kadi mbili.

"Njoo, mama. Tafadhali."

Kefa hakupenda mikusanyiko. "Kadi yangu mpe mwenye mashine," alisema. Dorkasi akaenda Miyuji, ambako Ambokile alikuwa anafuga kuku wa mayai, akampa.

Jioni hiyo Ambokile alikuja na suti ya kijivu, ile ile ya ofisini, ikiwa imemlegea mabegani. Walikaa safu ya nyuma. Ukumbi ulinuka makapi ya alizeti, upepo wa kipupwe ulipenya mlangoni, na watu walijifunika vitenge na makoti. Ukutani, pale pazia la zamani lilipokuwa, walikuwa wamebandika mashuka meupe yaliyoshonwa pamoja, na projekta ya kuazima ilitupa picha juu yake.

*Mgeni wa Miyuji* haikushinda filamu bora. Haikushinda picha wala uigizaji. Kisha mwenyekiti wa majaji, Mwalimu Evarista, aliyekuwa akifundisha Kiswahili sekondari, akatangaza tuzo ya mazungumzo bora, na kabla ya kutaja jina akaomba kipande kioneshwe.

Mama akaonekana uani, ungo mikononi. Kijana amesimama langoni. "Umekonda," mama akasema. "Maji ya moto yapo jikoni, kaoge kabla baba yako hajarudi." Akaendelea kupepeta.

Safu ya mbele ya Dorkasi mwanamke mmoja alifuta macho kwa ncha ya kitenge, na mzee mmoja akasema kwa sauti, "Haya ndiyo mambo!" Makofi yakalipuka. Dorkasi alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Nurdini akaitwa. Alipanda, akapokea cheti, akashika kipaza sauti, akakirudisha. Akakichukua tena.

"Nikiondoka na hiki peke yangu nitakuwa mwizi," alisema. "Maneno mliyoyasikia siyo yangu. Ni ya mama anayechapa barua hapo nje barazani. Nilificha jina lake. Niliogopa watu wangesema, dairekta gani huyu anafundishwa na taipisti. Ndiyo ukweli. Mama Dorkasi, nisamehe mbele ya watu, kwa sababu nimekukosea mbele ya watu."

Watu wakageuka. Dorkasi alijaribu kujikunja kwenye kiti, lakini Ambokile alishamshika kiwiko na kumwinua.

Njia ya kwenda mbele aliiona ndefu. Evarista alimpokea kwa mikono miwili, akamuuliza majina yake kamili, akachukua kalamu ya wino na kuliandika jina juu ya cheti, pembeni ya lile la Nurdini, huku ukumbi ukisubiri. Likaenda upande kidogo kwa sababu alikuwa akiandikia juu ya goti. Kisha akampa kipaza sauti.

Dorkasi hakuwahi kuongea kwenye kipaza sauti. Alimgeukia kwanza Nurdini.

"Nimekusamehe tangu siku ile ile, baba. Na asante. Ulinisikiliza wiki tano. Mwanamume gani mwingine amenisikiliza wiki tano?" Watu wakacheka, naye akapata nguvu. "Na yupo mtu amekaa kule nyuma. Siku nilipopoteza kazi, na yeye aliipoteza. Akatoa fedha zake mwenyewe akaninunulia mashine, akaisukuma kwa mkokoteni juani. Sikumshukuru vizuri kwa sababu hakukubali kukaa. Mzee Ambokile, leo umekaa. Asante sana."

Ambokile akasimama, hajui aweke wapi mikono. Akainamisha kichwa kama mtoto wa shule, na watu wakampigia makofi mpaka akakaa.

Walipokuwa wanatoka alimwambia, "Siku ile, Dorkasi, nilikosa cha kukuambia."

"Niliona, mzee. Ndiyo maana sikukulaumu."

Jumapili iliyofuata Dorkasi alipeleka kanisani sadaka yake ya shukrani: jogoo mwekundu, mkubwa, aliyemlea mwenyewe. Baada ya ibada, vitu vya sadaka vilinadiwa nje kama kawaida. Dau la jogoo lilikuwa linapandishwa polepole na wazee wawili wa kanisa, mara sauti ikatoka ukingoni mwa umati. Alikuwa Nurdini, kofia yake ya kufuma kichwani, akipandisha dau bila kupumzika mpaka wazee wakamwachia. Akalipa, akambeba jogoo kwapani, akamfikishia Dorkasi na kumpa.

"Huyu ni wako, mama."

"Mwanangu, sadaka hairudi."

"Kwa Mungu imeshafika. Hii sasa ni zawadi yangu."

Kefa, aliyekuwa amesimama hapo na mikono nyuma, akasafisha koo. "Basi mchinje wewe," alimwambia Nurdini, "ili tule sote. Na yule mzee wa Miyuji aitwe."

Walikula saa nane mchana uani kwa Kefa, ugali wa uwele na mchuzi wa jogoo. Ambokile aliongezewa mara mbili. Dorkasi alikaa kwenye mkeka akiwatazama wanaume watatu wakibishana ni nani amkaribishe mwenzake firigisi, akamwambia jirani aliyechungulia juu ya ua, "Karibu, mama, sahani ipo. Leo hapa hakuna mgeni."