Ngurumo Akosa la Kusema

Majambazi wote unaowasikia kwenye filamu za kigeni zinazotiwa maneno ya kwetu, ukitoa wachache, ni mtu mmoja. Kazini wanamwita Ngurumo. Mwenyewe ni mfupi, mpole, na akiona mende anasimama juu ya kiti mpaka mkewe aje amuue. Lakini mweke mbele ya kinasa sauti umwambie atishe mtu, utatafuta mlango. Ana kicheko cha mwenye kisu, ana cha tajiri mbaya, ana cha aliyerudi kulipiza kisasi. Na anavyopenda maneno huyo, jambazi akifumba mdomo kidogo tu, yeye anamchomekea vitisho vyake mwenyewe.

Studio iko ghorofani, juu ya duka la ushonaji, na wana mtindo wao. Wakimaliza kurekodi sehemu ya kutisha, hawaulizani kama imekaa vizuri. Wanaweka spika ngazini, wanaifungulia sauti, kisha wanasikiliza vyerehani. Vikinyamaza, mafundi wameshtuka, sehemu imepita. Vikiendelea kulia, inarudiwa, hakuna kubishana.

Sasa siku moja bosi, mama mmoja asiyependa maelezo marefu, akamletea Ngurumo filamu ambayo jambazi wake hasemi. Mwanzo mpaka mwisho, hata neno moja. Anaingia kwa watu, anavuta kiti, anamenya chungwa, anawatazama. Basi.

Ngurumo akauliza yeye atafanya nini humo. Bosi akamwambia apumue. Maneno ya kigeni yakifutwa, pumzi za mwigizaji nazo hufutika, kwa hiyo lazima mtu apumue upya. Akaongeza, huku anakunja waya, kwamba siku hizi filamu za namna hiyo zinakuja nyingi.

Loo, Ngurumo akaiona kazi yake inaondoka. Apumue? Hata kuku anapumua, na hakuna aliyewahi kumwajiri kwa hilo. Kama majambazi wameamua kunyamaza, yeye na nyumba yake watakula nini? Na hapo koo lenyewe lilikuwa limeanza kumchezea, sauti inakatika katikati ya kicheko. Daktari alishamwambia, mkewe akiwa pembeni, aipumzishe kabla haijapotea moja kwa moja. Akajibu kwamba kupumzisha sauti ni kupumzisha tumbo. Tangu siku hiyo akawa anakohoa kwa siri bafuni, na kazini hakumwambia mtu. Mbona basi filamu hii apewe yeye, na watu wanaojua kupumua wamejaa tele?

Akaomba ajaribu kwa njia yake kwanza. Chungwa linamenywa, yeye akamtilia jambazi maneno mazito ya kumchuna mtu ngozi vivyo hivyo, taratibu. Yalikuwa maneno mazuri, msimwonee. Wakayafungulia. Huko chini vyerehani vikaendelea kulia, na fundi mmoja, dada mwenye mdomo, akajibu kwa sauti kwamba Ngurumo akimaliza kumenya awarushie na wao kipande. Wenzake wakaangua kicheko.

Haya, akapumua. Alikaa amekunja uso, anavuta, anatoa, anajiona mjinga. Hakujua ukali auweke wapi, mwishowe akauacha. Walipoifungulia hiyo ya pili, kikasikika kisu kwenye ganda, kisha pumzi, kisha kisu tena. Cherehani kimoja kikanyamaza. Kikafuata kingine, mpaka vyote. Ngurumo akachungulia ngazini, akamwona yule yule dada mwenye mdomo ameshika kitambaa kifuani, anautazama mlango.

Bosi akasema imepita, akaenda zake. Ngurumo akashuka hajui acheke au alie. Amewatisha watu kuliko siku zote, na hakufanya kitu. Hiyo ni kazi yake au si kazi yake? Na maneno yale yote ya miaka yote, yalikuwa yanatisha kweli, au ndiyo yaliyokuwa yanawaondolea watu hofu? Njia nzima kichwa kilimzunguka.

Alifika nyumbani jua halijazama. Kawaida yake huanza kusimulia akiwa bado anavua viatu, na mkewe husikia nusu na kucheka yote. Leo akavuta kiti, akakaa, akawa anamtazama mkewe anavyokunja nguo huku yeye akiwaza pumzi. Hakuwa na nia yoyote, maskini. Mke akamuuliza habari za kazi. Kimya. Akamuuliza kama anaumwa, akatikisa kichwa, macho hayajahama. Mke akakunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Nani amekwambia?"

Ngurumo hakuelewa. Aambiwe nini? Akabaki anamtazama.

"Nisamehe, mume wangu. Ni mimi niliyekwenda kwa bosi wako nikamweleza habari ya koo. Nikamwomba akutafutie jambazi asiyesema. Nilikuwa nakusikia huko bafuni."

Hapo ndipo alipochanganyikiwa sawasawa. Akasirike? Mke amezunguka nyuma ya mgongo wake, ametoa siri kwa mtu ambaye ndiye riziki yao. Ashukuru? Kumbe alivyokuwa akikohoa amebana mlango, mwenzake yuko macho upande wa pili. Alitaka afoke, alitaka amshike mkono, yote mawili kwa pamoja. Akatafuta la kusema, mtu ambaye hajawahi kulitafuta, akalikosa. Na kadiri alivyotafuta, ndivyo mkewe alivyojikunyata, shati amelikumbatia kifuani kama yule fundi.

"Sema kitu basi," mke akamwambia. "Unanitisha."

Tangu waoane, mwanamke huyu hakuwahi kumwogopa. Majambazi wake wote alikuwa akiwacheka hapo hapo chumbani. Ngurumo akainuka, akaenda kuketi karibu naye, akafungua mdomo. Sauti ikatoka ndogo, inakwaruza, ikakatika, akaivuta tena.

"Ni mimi, mama," akasema. "Ni mimi tu."