Sinia Zima la Kusista

Nilinunua sinia zima, na huo ndio ujinga wangu. Mimi ni mtu wa kochi. Mtaa wetu, Rosettenville, naujua zaidi kwa kuuchungulia dirishani. Mwaka 2017, kila Jumapili asubuhi alikuwa akipita mtoto wa kike, labda wa miaka minane, anagonga geti hadi geti akiuza kusista: maandazi ya mviringo yenye iliki na ganda la chungwa, yaliyochovywa kwenye shira na kunyunyiziwa nazi. Bibi yake ndiye aliyekaanga. Mababu zao waliletwa Cape, ncha ya kusini ya bara hili, kutoka Indonesia, utumwani, wakaja na mapishi yao kichwani.

Jumapili moja ya Juni, baridi inauma masikio, mtoto kavaa ndala, macho yote kwa wenzake wanaoruka kamba barabarani. Nikamuuliza ataenda kucheza saa ngapi.

"Zikiisha, Anko."

Nikazinunua zote. "Haya, mama, kacheze." Akatoka mbio. Nikarudi kwenye kochi nimevimba kwa wema, nikala mpaka tumbo likaniadhibu.

Jumapili iliyofuata akaja na masinia mawili. La pili kalibeba mdogo wake wa kiume, kamasi imeshuka hadi mdomoni.

"Bibi amesema zinatoka," msichana akasema, bila kuniangalia.

Hasira zikanipanda hadi nikavaa viatu, jambo lisilowahi kutokea Jumapili. Sikununua hata moja. Nikaongozana nao hadi kwa bibi yao, chini ya kilima, nikamkuta kakaa mbele ya karai la mafuta.

"Ndiwe uliyezinunua zote? Mungu akubariki, mwanangu."

Nikamwambia watoto si punda. Hakukasirika. Akavuta gauni kidogo, nikaiona miguu yake imevimba kama magogo. "Nipande kile kilima kwa hii?"

Nilipanda kilima natukana: bibi, baridi, serikali, na majirani wanaomlazimisha mtoto apunguze bei huku wamevaa majaketi ya manyoya. Nikaishia mlangoni kwa jirani yangu, mama mshonaji kutoka Bukavu, nikammwagia yote. Nikaapa kwamba watoto wale hawatauza tena mtaani kwetu nikiwa hai.

Hakuinua hata kichwa kwenye cherehani.

"Papa, wewe miguu yako mizima, na Jumapili nzima umelala. Enda ubebe hayo masinia, ama unyamaze."