Mahindi ya Nyabusozi na Wazungu wa Kwanza wa Amerika

Niliondoka Murusagamba kwa sababu ya maharage. Ulikuwa mwaka wa pili tangu tuhamishiwe kijijini, na shamba letu la ujamaa lilitoa magugu mengi kuliko maharage. Watu walifika asubuhi, wakaitikia majina yao, wakaegemea majembe na kuulizana habari za nyumbani mpaka jua likawa kali. Msimu mmoja zaidi wa namna hiyo, na tungekula mbegu. Ndipo Mwenyekiti wa kijiji akasikia kwamba huko Nyabusozi, wilaya ya Biharamulo, shamba la ujamaa limejaza ghala.

“Tumtume Deo akaone,” alisema. “Amemaliza la saba na hasemi hovyo.”

“Hasemi kabisa,” mama yangu alimsahihisha.

Nilitaka kukataa, lakini ili ukatae lazima useme.

Kutoka Ngara mjini nilipata lori la ndizi. Njiani lilinasa matopeni, tukashuka wote kusukuma. Wenye ndizi walisukuma mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Sisi wengine tuliweka viganja kwenye bodi na kupiga kelele, “Haya! Haya!” Mama mmoja mwenye mikungu yake humo akanigeukia. “Wewe kijana, unasukuma au unalibariki?”

Nikasukuma.

Kwenye msitu wa kabla ya Biharamulo mbung’o walipanda lori bila nauli, wakashuka wameshiba.

Nyabusozi nilifika kwa miguu. Mwenyeji wangu alikuwa Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga, mwalimu wa elimu ya watu wazima na zamani mpishi wa padre Mmarekani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Huko kwenu watu wazima wamekwisha?”

Nikaingia ndani na mzigo wangu.

Asubuhi alinipeleka shambani. Mahindi yalikuwa marefu kuliko mimi, na katikati yake maboga yalitambaa kwa mistari iliyonyooka.

“Mistari hii ya nini, mzee?” Sikuwa nimewahi kumuuliza mtu nisiyemzoea swali refu hivyo.

“Mipaka. Shamba ni moja, lakini kila kaya ina kipande chake. Ukivuna, fungu la kijiji linakwenda ghalani, linalobaki ni lako. Bwana shamba akija tunajipanga mstari mmoja, tunapiga ngoma, tunalima tukiimba. Anafurahi, nasi tunafurahi.”

“Nani aliwafundisha?”

Akashusha sauti. “Wamarekani.”

Redioni Wamarekani waliitwa mabeberu; nikageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yetu.

Jioni, nyumbani kwake, alinieleza. Kila mwaka padre alimwagiza bata mzinga, wa kuwakumbuka wazungu wa kwanza waliovuka bahari kwenda kuishi Amerika. Bata mzinga hakupatikana, Masanja akapika kanga, na padre akala akinung’unika huku akisimulia. Wazungu wale walilima pamoja na kugawana sawasawa. Vijana wakalalamika kwamba wanalimia wake za watu. Akina mama wakawa wanaugua siku za palizi. Njaa ikawapiga. Mwishowe kiongozi wao akaipa kila kaya kipande cha kupanda mahindi.

“Wagonjwa wakapona siku hiyohiyo,” Masanja alisema. “Bila hata sindano!”

Mkewe, Mama Kulwa, alikuwa akipepeta mtama. “Mwambie basi mahindi yenyewe walionyeshwa na nani.”

“Na wenyeji.”

“Na wenyeji wakalipwa nini?”

Mzee akakohoa.

“Wakanyang’anywa ardhi,” alisema Mama Kulwa. “Usibebe nusu ya hadithi, mwanangu. Hapa Wasubi walitutangulia, wakatuonyesha udongo wa kupanda. Sisi mavuno ya kwanza tunawapelekea waonje.”

Kurudi nyumbani kulikuwa rahisi. Safari ngumu ilikuwa ile ya kutoka kwenye benchi hadi mbele ya mkutano wa kijiji. Nilisimulia nikiwa nimeshika ukuta.

“Umeyatoa wapi haya?” aliuliza Mwenyekiti.

“Nyabusozi,” nikasema, nikaiacha Amerika ilipo.

“Shamba linabaki moja?”

“Moja, Ndugu Mwenyekiti.”

“Na kuimba tutaimba?”

“Tutaimba.”

“Basi ni ujamaa huo!”

Watu walikuwa wamekwishaanza kugombea vipande vya karibu na mto aliposimama Bibi Anastazia, mjane asiye na mtoto. “Zamani mvivu alikula, nami nikala. Sasa mvivu atalima. Mimi na mgongo huu je?”

Wote wakanitazama. Katika yote niliyosimuliwa Nyabusozi, wajane hawakutajwa.

“Nitakulimia mimi, bibi,” nikasikia mtu anasema, na mtu huyo alikuwa mimi.

“Kumbe anasema!” mama yangu akapiga kigelegele.

Msimu ule hatukula mbegu. Nilijifunza kwamba mtu hainami kwa bidii mpaka aone kipande chake, na kwamba vipande hivyo ni haki pale tu asiyeweza kuinama naye anapokula. Nilijifunza pia kwamba ukisema neno moja mkutanoni, utalilima msimu mzima.